Ua wa Mama Kiangazi Hiki

Menzel Temime, Tunisia
Jumapili, alasiri

Mdogo wangu mpenzi Ridha,

Salamu nyingi zikufikie wewe, mkeo Houda na binti yetu Cyrine huko Lyon. Natumaini nyote mu wazima, na kwamba mgongo uliokutesa majira ya baridi sasa unakuacha ulale. Sisi huku tunamshukuru Mungu. Joto ni kali mwaka huu hata paka wameacha kugombana. Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya mfuko wa saruji, kwa sababu viti vyote vimerundikwa chumbani na rangi mbichi imegandisha mlango wake. Ukiona mwandiko umepinda, usidhani nimezeeka ghafla. Ni vidole tu. Tangu shule zifungwe vimeshika koleo na brashi kuliko chaki.

Utajiuliza kwa nini sikukupigia simu kama kawaida yetu ya Ijumaa. Nikikupigia, mama hukaa ubavuni pangu, na masikio yake ni makali kuliko yangu. Soma tu, utaelewa.

Nianze na yale uliyoniuliza. Paa halivuji tena. Fundi Lazhar ameziba nyufa zote na kupaka chokaa, na mimi nilikuwa nampandishia ndoo. Ni mtu mwema huyu Lazhar, ila mdomo wake unafanya kazi kuliko mwiko wake. Asubuhi akichelewa husingizia mama mkwe, na ukimharakisha anakuambia jua la hapa linakausha saruji hata kabla hajaikoroga. Jikoni tulipata msiba mdogo: aliposogeza sinki bomba la zamani lilikatika, maji yakakimbilia stoo ambako nilikuwa nimetandaza kuskusi ya mwaka mzima, zile chembe za ngano nilizozisokota mwenyewe. Nililia, Ridha. Mwanamke wa umri wangu, mwalimu, nalilia kuskusi iliyolowa huku fundi amenishikia ufagio, hajui anipe au aufiche.

Kisha tukaja uani. Ule mchoro ulioutuma, Lazhar aliutazama kichwa juu, akautazama kichwa chini, akasema, “Dada, kaka yako anataka Ulaya, na uani kwenyewe anaishi jogoo.” Hata hivyo tuliufuata. Tuling'oa vigae vyote vilivyopasuka. Njia iliyokuwa ikienda moja kwa moja mpaka bandani kwa kuku tukaipinda kama ulivyotaka. Kile kidato cha jiwe tukakisawazisha. Tukachimba shimo la kidimbwi, mahali ambapo Cyrine angefuga samaki wake.

Na ule mti wa tini tuliukata. Mimi sikutaka. Nilimwambia mama aseme neno moja tu, nami nitakuandikia kwamba haiwezekani. Akajibu, “Ridha akitaka, basi. Mtoto anakuja mara moja kwa mwaka.” Alikubali upesi mno. Siku tuliyoukata alijifungia chumbani, na jioni nilimkuta amechuchumaa akipapasa kisiki kama mtu anayepima homa ya mtoto.

Tangu siku hiyo mama akabadilika. Aliacha kwenda kwa kuku. Aliacha kumpikia fundi kahawa, yeye ambaye hajawahi kumwacha hata mleta gesi aondoke koo kavu. Aliunguza mkono kwenye jiko. Nilimwona akimimina chai nje ya glasi, nikadhani ananifanyia makusudi kwa hasira ya mtini. Nikamuuliza ana nini. Akasema, “Umenihamisha nyumba nami nimo ndani.” Nilikuwa nimechoka, vumbi limenijaa hadi kwenye kope, nikamjibu vibaya. Nilimwambia malalamiko ayapeleke Lyon, mimi hapa ni kibarua tu. Tukakaa tukinuniana, huku tunakula sahani moja.

Wiki iliyopita Lazhar alipaka rangi mlango wa uani. Unakumbuka siku zote ulikuwa wa buluu. Wewe ukachagua kahawia, ufanane na mbao. Mama akatokea, ndiyo mara yake ya kwanza baada ya siku nyingi. Lazhar, kwa furaha ya kumwona, akamuuliza, “Haya, mama, rangi imekupendeza?”

Mama akainua uso. “Buluu nzuri,” akasema. “Kama ile ya enzi za marehemu.”

Lazhar akaangua kicheko. “Loo! Mama leo kaamka na utani!”

Nami nikacheka. Nilifurahi, nikadhani amenisamehe na sasa anakukejeli wewe. Lakini yeye hakucheka. Alisogea akaegemea mlango kwa kiganja kizima, na rangi mbichi ikamtapakaa mpaka kwenye mkono wa nguo. Aliposikia ubichi ule akashtuka, akageuka haraka kuelekea kwa kuku, akaifuata njia ile ya zamani iliyonyooka. Wala hakupunguza mwendo. Alitumbukia shimoni mbele ya macho yetu.

Usiogope, mfupa haukuvunjika. Lazhar alirusha brashi, akaruka shimoni kabla sijaweza hata kupiga ukelele. Goti limechubuka na kifundo cha mkono kimevimba, basi. Ila zahanatini daktari hakulitazama goti kwa muda mrefu. Alimmulika macho, kisha akaniuliza hali hii imeanza lini. Nikamuuliza, hali gani?

Ridha, mama yetu haoni.

Jicho la kushoto limeshakufa kwa presha ya macho. La kulia lina mtoto wa jicho, na amebakiwa na mwanga tu, kama mtu anayechungulia ndani ya maziwa. Si jambo la jana. Ni miaka. Alinieleza jioni ile kitandani, bila kulia, kana kwamba anasimulia habari za jirani. Kigae kilichopasuka kilimwambia akate kona. Majani ya mtini yalimgusa bega, akajua kidato kiko mbele. Akaniambia, “Mimi nilikuwa naona kwa miguu, Saloua. Wewe uliyang'oa macho yangu ukayapakia kwenye toroli.”

Nilimuuliza kwa nini alinificha mimi ninayelala chumba cha pili. Akasema ningeacha kufundisha nikae nimlinde kama kikapu cha mayai. Na wewe ungekuja kumchukua, ukamweke ghorofani Lyon asikilize lifti ikipanda na kushuka. Kisha akaniapisha kwa jina la baba kwamba sitakuambia. Niliapa, kwa sababu alikuwa akitetemeka. Na leo, mdogo wangu, navunja kiapo hicho kwa mkono wangu mwenyewe, naye yupo pale kivulini anachambua pilipili, amesikia kalamu ikikwaruza na ananiuliza naandika nini. Nimemwambia nasahihisha mitihani. Hata hakukumbuka kwamba ni likizo, au amekumbuka akanyamaza.

Navunja kwa sababu daktari anasema jicho la kulia bado linaweza kupasuliwa huko Tunis, ila lisisubiri. Mama hataki. Anasema tungoje kwanza uje, upumzike, uondoke. Ukweli ni kwamba anaogopa kisu. Mimi amenikatalia mara zote. Wewe hajawahi kukukatalia kitu, na mtini ni shahidi.

Ua utaukuta umeharibika, nakuomba radhi kwa mchoro wako. Lazhar alirudi asubuhi ya pili bila kuitwa, akalifukia shimo, akachokora vigae vya zamani kwenye kifusi na kuvipanga upya, njia ikanyooka. “Ulaya ingoje,” akasema, na siku hiyo hakusema zaidi. Mahali pa mtini hatuna cha kurudisha. Tumepanda mirozimari, vile vichaka vyenye harufu nzuri, pembeni mwa njia, ikue imguse sketi.

Nimechoka, Ridha. Si kwa ndoo wala kwa vumbi, hayo yanaoshwa. Nimekula na mama kila siku, nimemchana nywele, nimegombana naye juu ya chai, na sikuona. Njoo, na safari hii ukae. Sitaki kumpeleka Tunis peke yangu.

Ukifika, usisimame langoni kimya ukingoja akukimbilie kama zamani. Atakaa tu, na utadhani hakupendi. Muite kwa sauti tangu barabarani, umpe nafasi ya kunyanyuka. Atakushika uso, atasema umekonda. Kubali, na umwombe Houda asicheke. Unywe kahawa yake hata ikiwa na chumvi. Kisha, kesho yake, umwambie kuhusu Tunis, kama jambo ulilolifikiria mwenyewe.

Mama anakusalimu sana. Hajui kwamba salamu zake nimezitia kwenye bahasha hii. Mbusu Cyrine mashavu yote mawili, na umwambie samaki ataletewa kwenye bakuli. Mungu awafikishe salama.

Ni mimi dada yako,
Saloua