Hii Si Mimba, Mama

Jumamosi. Upepo unavuma Malangali tangu alfajiri, baridi imeingia hadi kwenye mifupa, na mimi nimechoka. Si uchovu wa kulala ukaamka umepona.

Nimetapika tena asubuhi. Ni hivi vidonge vya metformini, dawa ya sukari kama wengi tunavyoijua. Sukari sina. Daktari alisema ovari zangu zimejaa vifuko vidogo vidogo na homoni zimevurugika, ndiyo maana siku zangu hupotea miezi, ndevu zinaniota kidevuni, na mwili unaongezeka hata nikidonoa tu. Akaniambia nimeze dawa, nitembee, nipunguze ugali. Kupunguza ugali, Ufipa hii! Jaribu uone utakavyoulizwa nani kakuudhi.

Juzi mama mkwe alikuja kutoka Milanzi, akanikuta nyuma ya jiko nimeinama, natapika. Hakuuliza kitu. Alinisugua mgongo huku anatabasamu, akaondoka bila hata kunywa chai. Jana akarudi na mfuko wa unga wa ulezi, wa uji wa mama kijacho.

Nikaupokea, nikashukuru.

Tangu niolewe ananiita mke wa Deo. Jana aliniita mwanangu. Jamani, ilikuwa tamu, nikataka niionje kidogo kabla sijaiharibu.

Leo ilikuwa zamu yetu, jumuiya ya kanisa kusali nyumbani kwetu. Tulipofika kwenye maombi, mama mkwe, aliyekuja kusali nasi, akasimama, akamshukuru Mungu kwa mgeni anayekuja kwa Deo. Wanawake wakapiga vigelegele. Deo, mume wangu, aliyenipeleka mwenyewe hospitali, akatazama sakafu. Watu wote wakasema amina.

Na mimi nikasema amina. Mungu anisamehe.

Nina hasira na Deo kwa kuinamisha kichwa. Nina hasira zaidi na huu mwili, ambao kila mtu ana la kusema juu yake isipokuwa mimi.

Watu walipotawanyika, mama alibaki jikoni anakoroga uji wangu. Nikaona nikinywa uji ule bila kusema, sitasema tena. Nikamwambia: hii si mimba, mama, ni dawa, nameza ili siku moja labda nipate mtoto.

Aliendelea kukoroga. Kisha akauliza kama Deo anajua. Nikasema anajua.

"Kwa hiyo mmeniacha nishangilie peke yangu."

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Akaepua sufuria, akajifunga kitenge vizuri, akaenda zake. Deo alimkimbilia hadi barabarani, akarudi peke yake.

Uji nimeunywa, ukatulia tumboni. Nimelia, nimenyamaza, nimechoka hata kulia.

Kesho baada ya misa nitakwenda Milanzi, na Deo atakwenda na mimi, apende asipende. Akitufungulia mlango nitapiga goti na kumwamkia. Ya baada ya shikamoo, sijui.