Kibuyu Kinachojazwa Mtoni Pasipo Mtu

Nau, baba yangu,

Mtoni kwetu siku hizi hakuna mtu. Majirani walihamia karibu na barabara maji ya bomba yalipofika, na mimi sikuwa nimeteremka kule tangu tulipokuzika. Wiki iliyopita nilishuka kupima mahali pa ua. Nataka kuchimba kisima, nifunge geti, niuze maji.

Sababu unaijua. Ule mwaka wa ukame wachungaji waliingiza ngamia kwenye pojo zetu, zikaisha zote. Asubuhi nilikukuta mtoni, kwenye shimo la maji tulilochimba mchangani, ukiwachotea maji.

"Nau! Hawa ndio wametumaliza, na wewe unawanywesha?"

Ukanitazama kama mtu aliyeamshwa. "Mwaitu," ukasema, yaani mama, maana nina jina la mama yako, "hata sikuamua. Niliona mtu ana kiu, nikashtukia mkono umeshaenda. Uulize huo mkono." Ukacheka.

Mimi sikucheka. Pojo zile zilikuwa karo yangu, sikurudi shule. Duka nililo nalo mjini Mwingi nimelijenga kwa kupiga hesabu, na kwenye hesabu yangu wema wako ni hasara tupu. Hata ile desturi yetu, anayechota mwisho aache kibuyu kimejaa kwa ajili ya ajaye, niliona ni kuogopa midomo ya majirani tu.

Basi siku hiyo ya kupima nilifika saa sita mchana. Shimo limechimbuliwa upya, limefunikwa miiba. Kando yake kibuyu, kimejaa hadi mdomoni, maji baridi kwenye jua lile! Nikaita, "Hodi! Nani yuko?" Nikatafuta nyayo. Mchanga laini, na nyayo ni zangu peke yangu.

Nikanywa. Nilipokumbuka kuogopa, nilikuwa nimepiga magoti, kucha zimejaa mchanga, kibuyu kimejaa tena, narudishia miiba. Hakuna aliyeniona. Nywele zilinisimama, Nau, na si kwa sababu ya aliyejaza kabla yangu. Kumbe miaka yote hii ndani yangu kuna mtu anayefanya kazi, na sikumwajiri mimi.

Uchungu na wewe bado ninao. Maji nitauza. Ila nimemwambia fundi wa ua aache uwazi upande wa mtoni, futi saba, ngamia apite. Akaniuliza, "Madam, sasa ua ni wa kazi gani?" Nikamwambia achimbe mashimo ya nguzo, aache maswali.

Pumzika. Kama ni wewe unayekijaza, niambie. Kama si wewe, usiniambie.

Binti yako