Mama Si Kichaa

Liepāja, Agosti 1934

Mpendwa kaka Krišs,

Salamu tele zikufikie huko Brazil, wewe, wifi yangu Emma na watoto. Natumaini homa imemwachia mdogo. Mimi mwili mzima, ila moyo unanichafuka, na sababu ni mtu wa tumbo moja na sisi.

Uliniuliza habari za kaka yetu mkubwa, Mheshimiwa Teodors, maana huko mnajisifia ndugu aliye bungeni. Jisifieni kitu kingine. Aliingia kwa chama cha wakulima wadogo, akiapa kuwagawia wapangaji ardhi. Uchaguzi uliofuata akahamia kwa matajiri wa mbao, eti ardhi imetosha. Akapewa uwaziri, akawatupa waliompa, akajiunga na wengine. Mwezi Mei wanajeshi walipolifunga bunge na wenzake wakawekwa ndani, yeye akakimbilia kutoa pongezi, akisema vyama vilikuwa uozo wa taifa. Vyama! Yeye aliyevitulia vyote kama nzi! Ptuu.

Basi mkesha wa Jāņi, sikukuu yetu ya kiangazi, akaja shambani na wakubwa kutoka Rīga, awaonyeshe alikozaliwa. Mila unaijua: kila anayefika huimbiwa kejeli yenye kiitikio cha līgo, naye hujibu kwa wimbo, watu wakacheka, wakala jibini. Hakuna kununa. Mama akasimama na jibini yake mkononi, akamwimbia mwanawe:

Shati moja, kola nne, līgo, līgo,
Kila bwana na kola yake, līgo!

Majirani wakaangua kicheko, hata wale wakubwa. Wote wakamgeukia ajibu. Mtu aliyetupigia domo majukwaani miaka yote hiyo akakosa mistari miwili tu! Mgeni mmoja akauliza kwa utani huyo bwana wa nne ni nani, isijekuwa ni serikali mpya. Hapo Teodors akawaomba radhi, akasema mama yake akili zilimruka tangu baba afariki.

Jumatatu ikaja gari na karatasi yenye sahihi ya mwanawe. Mama akapelekwa hospitali ya vichaa.

Nilimfuata Teodors nikamwambia hana haya hata chembe. Akanijibu nishukuru, kamwokoa mama na jela, tena nipunguze mdomo nisije nikamfuata huko. Alisema hayo huku anakula keki, Krišs, makombo yamemjaa kifuani.

Mama nilimkuta hajalia. Alisema kinachomuua ni wauguzi: akisema mvua inakuja, ndiyo bibi, akisema supu imechacha, vizuri bibi. Hakuna anayembishia tena.

Sasa kaa chini nikuambie. Daktari alininong'oneza kwamba mama ni mzima kuliko aliyemleta, ila yeye ana watoto na anaogopa. Akaniruhusu nimtoe matembezi Jumapili. Hatukurudi. Ng'ombe nimewauza, na mama yuko kando yangu hapa bandarini anamenya yai. Kesho tunapanda meli ya Hamburg, na kutoka huko tunakuja kwenu. Barua hii itatutangulia kidogo, basi tutandikieni kitanda.

Wabusu watoto. Mama anawasalimu wote, na ana ombi moja: siku mkitupokea, lolote atakalosema, hata likiwa la kweli, usimwitikie ndiyo mama. Mbishie.

Dada yako,
Alvīne