Tairi Lililotutangulia

Shoga, tuko wazima, mimi na mtoto. Naanza na hilo usije ukapiga kelele.

Unazikumbuka zile rimu za gari kubwa, ambazo mume wangu alikuwa anazipangusa kama sahani za wageni? Leo amezifunga kwenye kigari chetu.

Fundi alimwambia, nimesikia mwenyewe: "Kaka, tundu la katikati linapwaya, nati peke yake hazitalishika tairi." Akamjibu, "Wewe kaza tu. Gari lipendeze."

Tukaondoka. Gari linatetemeka, namwambia, ananiambia ni barabara.

Kwenye mteremko wa shule nikaona tairi linatupita. Nikajiuliza, la nani tena hilo? Shoga, letu. Letu! Gari likainama upande wangu, likajiburuza kwenye lami mpaka likasimama. Mtoto kifuani, hata hakulia.

Yeye akafungua mlango, akatoka mbio. Nikadhani anazunguka aje upande wetu.

Akakimbilia tairi. Hakugeuka nyuma hata mara moja. Alikimbilia tairi, shoga.

Akarudi analisukuma, anaifuta rimu kwa shati. Neno lake la kwanza: "Afadhali, haijakwaruzika."

Silii, sina hata hasira. Nimekufa ganzi tu.

Sasa fundi amekuja, amesharudishia matairi ya zamani. Mume wangu anapiga honi: "Mama, ingieni basi, twende nyumbani!"

Nimemwambia atangulie.

Tunakuja kwako kwa miguu, mimi na mtoto. Usifunge mlango.