Maziwa ya Gloriose

Ihembe, 14 Machi 2024. Asubuhi ya manyunyu. Ukungu haujatoka migombani.

Dada Prudensia, shikamoo. Hapo Kaisho hamjambo? Mgongo wa shemeji umepata nafuu? Sisi tu wazima, ila nimechoka na watu.

Nina mimba ya wiki tisa. Usishangilie bado. Baada ya zile tatu kutoka, daktari wa Mwanza alinipima damu mara mbili, akipisha miezi mitatu katikati. Akasema nina kingamwili ambazo, badala ya kupigana na maradhi, hugeuka kuushambulia mwili wenyewe. Damu inaweza kuganda kwenye kondo la nyuma, mtoto akakosa chakula. Hata wanawake wanaopandikiziwa mimba hospitalini, alisema, kingamwili hizo huenda zikawasumbua. Nimepewa aspirini ya dozi ndogo na sindano ya tumboni, kila siku, damu isigande.

Hapo ndipo vita vilipoanza. Mama mkwe anasema sindano itamtoboa mtoto jicho. Jovin, mume wangu niliyedhani ana akili, alificha aspirini eti mbona kichwa hakiniumi. Nilimwambia basi abebe yeye hiyo mimba, mimi nikalime maharage. Kila asubuhi najidunga huku nikiuhutubia ukoo mzima.

Lakini siwezi kuwasema wao nikajiacha. Unajua jirani yetu Gloriose alivyotengwa, eti Mrundi huyu maziwa yake ndiyo yaliyotoa mimba zangu. Uliniuliza nani aliyeanzisha, nikajibu sijui. Nilikudanganya, dada. Ni mimi. Nilifungua daftari langu la tarehe, nikaona kila mimba ilitoka siku chache baada ya yeye kuniletea maziwa, nikamsomea mama mkwe tarehe moja moja. Siku nyingine zote nilizoyanywa nikabaki mzima, sikuzisoma. Daktari alipolipitia daftari hilohilo, alihesabu wiki za mimba. Hakutafuta jirani. Alisema hawezi kuapa kuhusu zote tatu, ila maziwa hayamo.

Juzi nilikwenda kwa Gloriose kuomba radhi. Hakunifukuza. Aliuliza kama mama mkwe anajua kuwa maziwa hayana kosa. Nikasema bado. Akasema uongo ule haukuenea jikoni kwake, ulienea kanisani. Niende nikaukanushe huko kwanza, ndipo nirudi kwake.

Jumapili baada ya ibada nitasimama mbele ya akina mama. Mama mkwe atakuwapo. Usije kunitetea. Njoo ukae na Gloriose, maana kwenye benchi lake huachwa peke yake.

Wasalimie watoto, na shemeji asiinue mikungu.

Mdogo wako,
Joyness