Kwa Papa, Kuhusu Mshipa Niliozaliwa Nao

Mpendwa Papa, baba yangu,

Mwaka umepita tangu tukuzike, na bado nikipita mtaa wa Troyeville, hapa Joburg, mbele ya duka lako la ushonaji, natazama ndani nikidhani utainua kichwa kutoka kwenye cherehani uniulize kama nimekula. Nimekula, Papa. Leo nataka tuzungumze habari za moyo wangu.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu nilipoanguka uwanjani shuleni. Kifua kilikuwa kimezoea kunibana nikikimbia, ila nikisimama kidogo kinaachia. Siku ile nilizimia. Mwalimu alikwambia ni jua na njaa. Kanisani wakasema niombewe, huenda ni roho mbaya. Wewe ulinikalisha juu ya vitenge vya wateja, ukaniuliza taratibu, "Kunabana wapi?"

Nikakuonyesha. "Nikitembea hakubani, Papa. Nikikimbia tu."

"Nakuamini," ukasema. Ukafunga duka mchana kweupe, tukaenda hospitali.

Baada ya vipimo, daktari alituita. Aliongea Kiingereza, nawe Kiingereza chako kilitosha kupima mtu suruali tu, basi nikawa mkalimani wa ugonjwa wangu mwenyewe. Kiswahili changu cha mtoto aliyekulia Joburg kikakwama.

"Anasema kuna... eish, kuna bomba la damu..."

"Mshipa," ukanisaidia.

Ndiyo, mshipa unaolisha misuli ya moyo. Wangu ulichipuka upande usio wake, ukapita katikati ya mishipa mikubwa miwili. Nikikimbia unabanwa, na moyo unakosa damu. Bila upasuaji, siku moja ningeweza kuanguka nisiamke. Hilo nalo nilikutafsiria, huku nimekushika mkono.

Uliuliza swali moja tu. "Muulize, tulimfanyia nini mtoto huyu?"

Daktari akatikisa kichwa. Alisema nilizaliwa hivyo, hakuna aliyekosea. Nilipokupa jibu hilo, ulijifunika uso kwa viganja ukalia. Sikuwahi kukuona ukilia kabla ya hapo.

Kuna jambo ulinificha. Koko, mama yako, alikuwa mgonjwa sana kule kwetu Bukavu, na safari yako ya kwenda kumwona ilikuwa tayari. Tulipopangiwa upasuaji, ukaiacha. Koko akafariki nikiwa bado wodini, bandeji kifuani. Ulisikiliza mazishi yake kwa simu, umesimama kwenye korido, kisha ukaingia ukanichana nywele ukitania kwamba mkono wa fundi cherehani haujui kusuka. Nilicheka mpaka mshono ukauma. Usoni mwako sikuona kitu.

Uliniambia nilipokuwa nimesharudi nyumbani, napanda ngazi za ghorofa letu bila kupumzika. Nililia, nikakuuliza kwa nini hukwenda.

"Nilimpigia nikamweleza," ukasema. "Akanijibu, 'Mimi nimeishi, mwanangu. Kaa na mtoto.'"

Kwa miaka mingi maneno hayo yalinielemea. Nilijiona kama niliyemnyima Koko mwanawe. Nawe hukuyarudia tena, wala hukunikumbusha hata siku uliponikasirikia. Ulinishonea gauni la kumaliza shule lenye shingo ya juu, ukaniuliza kama nataka kovu lifichwe au lionekane. Nikachagua lionekane. Ukalikata upya.

Sasa naishi mtaa wa Observatory na mume wangu, na kilima cha huko tunakipanda kwa miguu kila Jumapili tukitoka kanisani. Nina habari ambayo ningetoa chochote kukupa ana kwa ana. Nina mimba ya miezi saba. Daktari wa moyo aliniangalia kwa muda mrefu kwenye kioo cha mashine ya kupima moyo, kisha akageuka akitabasamu. Moyo unaweza, alisema. Unawafanyia kazi watu wawili, wala haulalamiki.

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi za hospitali, nikaita jina lako kwa sauti. Asante kwa kuniamini, Papa. Asante kwa kubaki. Msalimie Koko, umwambie mtoto anakuja.

Ni mimi,
kitindamimba wako