Taa ya Jua Uwanjani Kwetu

Mji Mkongwe, Unguja
Jumapili, 15 Juni 2008

Mama yangu mpenzi,

Ninakuandikia kwa sababu nina habari ambayo wewe ndiye uliyestahiki kuisikia mwanzo kuliko mtu yeyote. Uwanjani kwetu pana taa. Si kibatari, si karabai, wala si ile balbu ya kwenye nguzo iliyokuwa ikitufanyia maringo. Ni taa inayokula jua mchana kutwa na kuwaka ikishaingia Maghrib, na jana wanawake wanane walikaa chini yake na madaftari yao. Kisomo kimerudi, Mama.

Utastaajabu nikikwambia kwamba tumepata mwanga wakati kisiwa kizima kimo gizani. Waya unaotuletea umeme kutoka Bara, ule uliopita chini ya bahari, umeharibika, na hii ni wiki ya nne. Friji yangu nimeigeuza kabati la vyombo. Mafundi wa Mlandege wamerudia cherehani za miguu. Muadhini anaadhini kwa koo lake tu, bila ya spika, na nimegundua ana sauti nzuri kuliko tulivyokuwa tukidhani miaka yote.

Unaukumbuka mwaka 1987? Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne, nimebeba mkeka, wewe umebeba daftari ulilolifunga kwenye pembe ya kanga. Wanawake wa kisomo cha watu wazima mlikuwa mkikaa kwenye uwanja mdogo nyuma ya nyumba, pale vichochoro vitatu vinapokutana, chini ya taa ya nguzo, kwa sababu ndani kulikuwa na joto na wageni hawaishi. Mwalimu Zakia aliegemeza ubao ukutani na kuandika kwa chaki. Kila ikikaribia saa moja, mji mzima ukishawasha pasi na majiko, balbu ilikuwa ikinywea, inakuwa nyekundu kama kaa la moto, na nyinyi mkivisogeza vitabu mpaka puani. Siku moja Mwalimu alisema tufunge, taa imechoka. Ukamjibu, "Imechoka taa, mimi sijachoka." Wenzako walicheka mpaka Mwalimu naye akacheka, akaendelea.

Mimi peke yangu nilijua kwa nini ulikuwa na haraka. Kaka Seif alikuwa Muscat, na barua zake nilikuwa nikikusomea mimi, jikoni, wewe ukipepeta mchele. Nilikuwa nikiruka mistari. Ulikuwa ukinitazama, unaitazama karatasi, unanitazama tena. "Barua kurasa mbili," ulisema mara moja, "na maneno yake hayafiki hata chai ikachemka." Nikaikunja barua. Ukasema basi, utaisoma mwenyewe.

Mlipofika kitabu cha pili balbu ikaungua. Watu wa umeme walikuja kuitazama, wakaandika kwenye kitabu chao, wakaenda zao. Tukangoja. Nguzo ikawa ya kufungia kamba ya nguo, na kisomo kikafa kimyakimya bila ya mtu kutangaza kifo chake. Ulikuwa umeshazijua herufi za chapa, za mkono bado. Nimekuona zaidi ya mara moja umeifungua barua ya Seif mchana, penye mwanga wa dirisha, kidole chako kinatafuta neno "Mama". Ukilipata unalishika kwa kidole, huendelei.

Leo nakwambia nilichokuwa nikikiruka. Aliandika kwamba alikaa miezi mingi hana kazi na akiona haya kurudi. Aliandika kwamba aliumwa, akauguzwa na watu asiowajua. Na mara moja aliandika kwamba anaota unamwita kutoka ukumbini, na kila akitaka kusema naam sauti haitoki. Nilikuwa mtoto, niliogopa utaugua. Baadaye nikawa mtu mzima na bado nikaogopa. Sasa Seif mzima, ana mke na watoto, lakini wewe umetangulia mbele ya haki, miaka mitatu sasa, hujaisoma hata barua moja kwa macho yako. Nisamehe, Mama.

Kwa hivyo utaelewa kwa nini niliposikia habari ya taa nilitoka mbio na unga mikononi.

Fundi Haji, yule aliyekuwa akikutengenezea redio, alikuwa Kendwa akifunga taa mpya za bustani kwenye hoteli moja. Wakampa taa moja kuukuu, pamoja na betri na paneli yake, ile kama kioo cheusi inayowekwa juani. Akamletea sheha, kiongozi wetu, akasema hii ni ya mtaa. Sheha akatuita barazani kwake tuamue ifungwe wapi, uwanjani kwetu kwa kisomo au kwa wacheza keram. Bwana Nassor, mkubwa wa wacheza keram, alikuwa wa kwanza kusema. Alisema keram haichezeki gizani, mtu atapiga kidole cha mwenzake akidhani kete. Akasema pia paa letu ni fupi, limezungukwa na maghorofa, jua halilifikii vizuri, na lake liko wazi. Hilo la paa lilikuwa la maana, na kila mtu aliliona.

Nikasimama. Unanijua mimi si mtu wa kusema mbele za watu. Nilisema wapo wanawake katika mtaa huu wanaopelekewa barua, na kadi za kliniki, na karatasi za skuli za watoto, na kila mara wanamtafuta mtu wa kuwasomea, na mtu huyo anaweza kusoma anachotaka. Hapo nikakaa. Bwana Nassor akaninong'oneza, "Bi Rayya, nawe ulikuwa ukiiweka wapi siku zote hotuba hiyo?"

Sheha aliamua hivi: siku tatu taa ikae uwanjani, kwa kisomo, na paneli juu ya paa letu. Kama siku ya tatu itawaka kutoka Maghrib mpaka adhana ya Isha, itabaki. Kama itazimika kabla, basi paa letu halina jua la kutosha, na vyote vitahamia kwa Bwana Nassor.

Fundi akaifunga. Akaniusia jambo moja, niiangalie paneli isichafuke, kwa sababu kunguru wa mji huu unawajua. Nikamwambia aondoke na amani.

Siku ya kwanza iliwaka vizuri, tukashangilia, lakini ikazimika Mwalimu Zakia hajamaliza kuita majina. Naam, ndiye yeye yule, sasa anatembelea mkongojo, na ukali wake haujapungua. Siku ya pili ilikuwa mbaya zaidi, iliwaka kama inayopiga miayo, ikafa. Wacheza keram walikuwa wamekaa upande wa pili wanatutazama. Mmoja akauliza kama tunasoma kwa kunusa. Bwana Nassor akamkemea, lakini nilimwona anacheka ndani ya masharubu. Nililala nimevunjika moyo kabisa.

Jana mchana Fundi Haji akaja kuangalia. Alipanda juu ya paa, nami nyuma yake. Alipofika akasimama.

"Bi Rayya, hii nini?"

Nikamwambia ni kitambaa, cha kuikinga na kunguru na vumbi.

"Tangu lini kipo hapa?"

"Tangu siku ya mwanzo. Nnakiweka asubuhi, nnakitoa ikiingia Maghrib."

Fundi akakaa kwenye bati, bati la moto likamwinua upesi. "Dada yangu," akasema, "umeivisha buibui. Jua litaiona wapi?"

Mama, ilikuwa kile kitambaa chako cheupe cha maua ya buluu, ulichokidarizi kwa ajili ya redio. Nilichagua kizuri kuliko vyote. Katika nyumba yako kitu cha thamani hakikukaa uchi hata siku moja. Redio ilikuwa na nguo yake, chupa ya chai ina yake, na viti vipya vilikaa na nailoni zao mpaka nailoni zikapasuka zenyewe. Mimi nilikifunika kioo cha jua kwa mapenzi, nikakinyima jua siku mbili na nusu. Niliona haya, kisha Fundi akaanza kucheka, nami nikacheka mpaka nikashika tangi la maji nisianguke. Akaapa hatamwambia mtu. Alasiri mtaa mzima unajua.

Ilibaki nusu ya siku ya jua. Nilikaa juu ya paa na upawa nikifukuza kunguru, najua nilivyoonekana, na sikujali. Na jua la kipupwe lilikuwa zuri, Mama, halina wingu hata moja.

Baada ya Maghrib uwanja ulijaa, wasomaji na wasiosoma. Bwana Nassor alikuja na ubao wake wa keram ameuegemeza ukutani, tayari kwa safari. Mwalimu Zakia alifanya akili. Alisema taa isiwashwe mpaka tushindwe kabisa kuona. Tukaanza kwa kutamka silabi kwa pamoja, ba be bi bo bu, gizagiza linaingia, mpaka nikawa sioni uso wa aliyekaa karibu yangu. Ndipo akamwashiria Fundi. Mwanga ukashuka juu yetu mweupe, umetulia, hautetemeki. Hakuna pasi ya mtu iliyoweza kuupunguza.

Mwanga uliendelea. Kila mmoja akasoma mstari wake. Tulikuwa tukisoma kwa jicho moja, jicho la pili liko kwenye taa. Karibu na mwisho mwanga ulianza kufifia kidogo na watu wakaguna, lakini haukuzimika. Kisha muadhini akaanza Isha kwa sauti yake ile tupu, na taa bado ikiwaka. Sheha akasema neno moja tu, "Basi," akaenda msikitini. Bwana Nassor alibaki kidogo. Akaniuliza kwa adabu kama sisi tukishamaliza wao wanaweza kukaa. Nikamwambia baada ya Isha taa ni yao, ikiwa na nguvu iliyobaki, kwa sharti kwamba mkewe aje kusoma. Akasema mkewe anamsumbua tangu siku ya kwanza, na kesho atamletea mkeka mwenyewe.

Lakini nililotaka hasa kukwambia lilitokea kabla ya adhana, mwanga ulipokuwa unafifia. Ilikuwa zamu ya Bi Mkasi, yule mkaanga mihogo, ana miaka kama uliyokuwa nayo wewe wakati ule. Mstari wake ulikuwa "Mkulima amevuna mpunga." Maneno mawili aliyapata. La tatu likamshinda. Mpu, akasema, mpu, na akakwama hapo, na taa inazidi kufifia, na watu wote wanapumua kwa nguvu. Mimi nilikuwa karibu yake. Nikainama nikanyoosha kidole kwenye kitabu chake nimtajie.

Akaushika mkono wangu akauondoa.

"Niache," akasema. "Nitafika."

Nikaurudisha mkono wangu mapajani, nikangoja. Nilingoja kama nilivyotakiwa kukungoja wewe. Na akafika, Mama. Alilisema neno lote, kisha akalirudia kwa sauti kubwa, kama anayemwita mtu aliye ng'ambo.

Nakuombea kila baada ya sala, Mungu akulaze mahali penye nuru. Leo tena tunakaa. Nawe huko uliko, unikumbuke.

Mwanao kitindamimba,
Rayya